Mashine Zote Zifutwe

Taifa zima lilikuwa limenuna wiki ile, na lilikuwa na haki ya kununa. Jumanne, saa nne asubuhi, wabunge wakiwa katikati ya mjadala, kundi la watu wenye marungu na madumu ya petroli liliingia bungeni kwa mlango wa nyuma. Walivunja vioo, wakachoma safu tatu za viti, wakakivunja mguu kiti cha Spika, kiti ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimestahimili mambo mazito zaidi ya hasira. Kwa rehema za Mungu, hakufa mtu. Mbunge mmoja alipatikana ndani ya kabati la mafaili, mzima wa afya, kaishika hotuba yake mkononi, na alipotolewa jambo la kwanza aliloomba ni dakika mbili za kumalizia.

Ijumaa yake, saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke mmoja aliyeitwa Nukta alisimama mbele ya jengo hilo akisubiri kuruhusiwa kuingia. Nukta si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wenzake kazini, baada ya kuirudisha ripoti ya kurasa mia mbili kwa sababu sentensi ya mwisho haikuwa na nukta. Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za kielektroniki za bunge: sauti za mijadala, hesabu za kura, barua na picha za kamera. Alikuwa mtu wa "hebu tuhakikishe kwanza". Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani ndipo akuamini.

Lakini asubuhi hiyo hakuna aliyethubutu kumtania. Bawabu wa mlango wa nyuma, aliyekuwa mahabusu tangu Jumanne jioni, alikuwa baba yake mdogo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mlango wa nyuma haukuvunjwa. Ulifunguliwa kutoka ndani. Mkuu wa Ulinzi, bwana mwenye sauti ya kengele ya bweni, alisema palepale kwamba mwenye mlango ni bawabu, na bawabu hakuwepo mlangoni, kwa hiyo mtoto wa chekechea angeweza kumalizia hesabu hiyo. Saa nane mchana wa Ijumaa, bawabu angesimamishwa mbele ya hakimu. Kama hakuna kitu kipya, angepelekwa rumande, na kutoka rumande kwa kosa la kusaidia kushambulia bunge si jambo la wiki wala la mwaka.

Alhamisi Nukta alikuwa ameruhusiwa kumwona kwa dakika tano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mtu amelala sakafuni siku mbili, na anamuuliza mwenzake kama amekula.

"Nimekula. Baba, niambie ukweli. Mlango ulikuwaje?"

"Niliufunga. Mlango ule nimeufunga miaka ishirini na sita. Nimeufunga nikiwa na homa. Nimeufunga siku ya harusi yako, nikafika ukumbini nimechelewa, ukaninunia mbele ya wakwe. Leo nije kuuacha wazi Jumanne ya kawaida tu?"

"Sasa kwa nini hukuwepo?"

"Mkuu alinipigia simu ya mezani. Nenda lango kuu, kuna wageni wa kupokea. Nikaenda, wageni sikuwaona. Nageuka nirudi, nikasikia vioo."

"Mkuu anasema hakukupigia."

Mzee akaitazama dari ya kituo cha polisi. "Basi mmoja wetu amesahau. Na mimi nakumbuka mpaka uzito uliozaliwa nao."

Kulikuwa na kitu kimoja tu duniani kilichoweza kukata maneno hayo. Kwenye chumba cha mitambo, ghorofa ya chini, ilikaa mashine iliyohifadhi picha za kamera zote pamoja na orodha ya kadi zilizofungua kila mlango, na saa yake. Jengo lilikuwa limefungwa kwa sababu ya moshi, na ukiacha walinzi na wasafishaji, ni Ijumaa hiyo tu ndipo mpelelezi aliporuhusu watu kuingia.

Mpelelezi mwenyewe alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye mafua, na majivu ya bunge yalikuwa yamemchokoza pua vibaya. Alimpokea Nukta mlangoni na fomu.

"Fomu inauliza kama una undugu na mtuhumiwa."

"Ninao. Ni baba yangu mdogo."

"Kwa hiyo si baba yako."

"Ni baba yangu."

"Mdogo."

"Ni mdogo kwa marehemu baba. Kwangu mimi ni mkubwa, ndiye aliyenisomesha."

Mpelelezi akapiga chafya, akafikiri, akaandika *baba*. "Sasa dada, mwongozo unasema mwenye undugu na mtuhumiwa asiguse ushahidi wowote."

"Najua. Niliuandika mimi huo mwongozo. Ukurasa wa tisa." Nukta akaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti. "Ndiyo maana nimekuja na mifuko. Wewe utagusa, mimi nitasema."

Walishuka ngazi. Kadiri walivyokaribia chumba cha mitambo, harufu ya moshi ilizidi kupungua, na harufu nyingine ikazidi kupanda, harufu nzuri, ya malimau. Nukta akaharakisha hatua. Chumba kilichopona moto siku tatu zilizopita hakina sababu ya kunukia malimau.

Mlango ulikuwa wazi. Kizingitini alikaa mama mnene kwenye ndoo iliyopinduliwa, akijipepea. Huyu alikuwa msafishaji wa bunge, na bunge zima lilimwita Mama Povu, kwa kuwa aliamini hakuna uchafu duniani, hata wa kisiasa, unaoweza kushinda povu la kutosha.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Msikanyage hapo, pabichi."

"Mama, umefanya nini humu?" Nukta aliuliza.

"Nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Mashine. Zote. Si ndivyo ilivyoandikwa?" Akachomoa karatasi kwenye mfuko wa aproni yake. "Niliikuta jana asubuhi imebandikwa mlangoni."

Mpelelezi akaipokea kwa ncha za vidole. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: MASHINE ZOTE ZA CHUMBA HIKI ZIFUTWE LEO KABLA YA SAA SITA. ZISIBAKI NA CHOCHOTE. Chini yake kulikuwa na saini pana kama barabara ya lami, ya Mkuu wa Ulinzi.

Nukta aliisoma mara mbili. Aliielewa mara zote mbili. Karatasi ile ilikuwa ya fundi mitambo, ambaye angefuta, kwa kubofya mara tatu au nne, kila picha na kila jina. Kumbe hata kuandika jina la fundi juu ya karatasi mkuu hakujali. Nani mwingine angeitii? Macho ya Nukta yakaingia giza. Aliona rumande. Aliona mzee wake akiuliza watu waliokuja kumwona, mmoja mmoja, kama wamekula.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "umefuta kwa nini?"

Alitaka kujua sababu. Mama Povu alisikia vingine.

"Kwa kitambaa," akajibu. "Kwa nini, ulitaka nifute kwa ulimi?"

Nukta akakitazama kitambaa kilichoning'inia begani kwa Mama Povu.

"Kwa kitambaa," Nukta alirudia.

"Na sabuni ya maji. Masizi yalikuwa yameganda, yule bwana anaandika 'zisibaki na chochote' kama vile ni kazi ya dakika moja. Nimesugua jana mpaka karibu saa sita, na leo nimerudia kusuuza. Fundi hakuja kunisaidia, ameteguka mguu. Aliruka dirishani Jumanne. Dirisha lenyewe la chini, lakini alilirukia kama la ghorofa ya nne."

Nukta akaegemea ukuta na kuteleza taratibu mpaka akakaa sakafuni, pale pale pabichi, mikono bado mifukoni. Alicheka bila sauti. Mpelelezi alikuwa bado hajang'amua.

"Lakini mimi nilikuja kuchukua alama za vidole kwenye hizo mashine," alisema kwa huzuni.

"Alama za vidole?" Mama Povu alijibu kwa fahari. "Hutapata hata moja."

Hapo ndipo viatu viliposikika kwenye ngazi, na Mkuu wa Ulinzi akatokea. Alikuwa amevaa kofia ya kazi, ameishusha mpaka masikioni, kama alivyoivaa tangu Jumanne, ofisini, kwenye gari, na kwenye mahojiano ya televisheni.

"Nani amewaruhusu humu? Mashine hizi zimeharibiwa na moto. Hazina kitu." Akamgeukia Mama Povu. "Wewe unafanya nini hapa? Ile kazi niliyoagiza ilifanyika?"

"Kabisa, mkuu. Kabla ya saa sita."

"Zimefutwa zote?"

"Zote. Mbele na nyuma. Hazina hata doa."

Uso wa Mkuu ukalainika kama chapati iliyopakwa mafuta. "Vizuri sana," alisema. "Wafanyakazi wa namna hii ndio nchi inaowahitaji." Akapanda ngazi akipiga mluzi.

Mpelelezi alisubiri mluzi upotee. "Sijawahi," alisema polepole, "kuona mkuu wa ulinzi anayependa usafi kiasi hicho." Akaitia ile karatasi kwenye bahasha, akaandika saa, akamwomba Mama Povu atie saini kwamba imetoka kwake. Nukta alianza kumheshimu.

"Sasa tufungue mashine," Nukta alisema. "Mama, umeme ulizima kwanza?"

"Nilichomoa waya. Mimi si mwendawazimu, maji na umeme."

"Maji mengi?"

Mama Povu akasita. "Ya kusuuzia tu."

"Kiasi gani, mama?"

"Ndoo. Lakini si iliyojaa."

Furaha ya Nukta ikarudi mahali ilipotoka. Kumbukumbu zote zilikaa kwenye diski, kisahani cha chuma ndani ya kasha dogo, na kumbukumbu haziogopi moto kama zinavyoogopa maji ya sabuni. Alimwelekeza mpelelezi skrubu moja baada ya nyingine. Legeza hiyo. Siyo hiyo. Piga picha kwanza. Usivute, inua. Kila kifuniko kilipotoka, tone lilidondoka sakafuni, na kila tone lilimpunguzia Nukta mwaka mmoja wa maisha. Mwishowe kasha la diski likatoka, linang'aa, linanukia malimau. Mpelelezi akalipitisha chini ya taa.

"Nje kumelowa," alisema. "Kwenye tundu la waya kukavu. Hapa pembeni pana povu."

"Povu liache. Tundu la waya ndilo langu. Ni kavu kavu, au kavu ya kunifurahisha?"

Mpelelezi akachovya ncha ya karatasi laini tunduni, akaitoa, akamwonyesha. Kavu.

Bila kufikiri akachukua waya wa kompyuta yake mwenyewe, tayari kuchomeka. Nukta aliruka kutoka sakafuni na, kwa kuwa mikono hairuhusiwi, akamsukuma kwa nyonga mpaka akagonga meza.

"Dada!"

"Ukichomeka hivyo, kompyuta yako itaandika mambo yake ndani ya diski. Hata tarehe tu. Na wakili yeyote mwenye akili atasimama aseme tumeichezea." Akaonyesha kwa kidevu kisanduku cheusi ndani ya mkoba ulioning'inia begani mwake. "Pitisha waya humo. Hicho kinaruhusu kusoma, kinakataza kuandika. Ni kama kitabu cha maktaba ya shule, isipokuwa humu amri ya kutoandika inatiiwa."

Saa nne na nusu, diski ikazunguka. Iliguna, ikakohoa, ikatulia, kisha ikaanza kutoa vilivyomo. Kunakili kulichukua saa mbili kasoro, na hakuna aliyetoka kwenda popote. Mama Povu aliteuliwa shahidi, heshima aliyoipokea kwa kuvua aproni.

Nakala ilipokamilika, ikabaki hatua moja, ambayo Nukta aliipenda kuliko zote. Kompyuta huisoma diski nzima na kuifupisha kuwa mstari mmoja wa tarakimu na herufi sitini na nne. Mstari huo ni kama alama ya kidole. Badilisha kitu kimoja tu ndani ya diski, hata nukta, na mstari wote unageuka. Kama mstari wa diski na mstari wa nakala unafanana, basi nakala ni pacha, na hakimu hana la kuuliza.

Mpelelezi alisoma wa diski. Mama Povu, kidole kwenye skrini ya pili, alifuatisha wa nakala.

"Tisa, b..."

"B ya bata au d ya dada? Una mafua, baba, sema sawasawa."

"B ya bata. Nne, nne, e..."

"Nne moja huku."

Nukta akaacha kupumua.

"Ah, la, ni mbili. Moja nimeifunika na kidole. Endelea."

Waliendelea. Ilipofika herufi ya hamsini, Nukta alikuwa amefumba macho. Ilipofika ya sitini alikuwa anamwahidi Mungu mambo ambayo kwa hakika angeyajutia.

"Saba, f, f, mbili," mpelelezi akamaliza.

"Saba, f, f, mbili," akasema Mama Povu. "Haya, mapacha hao. Nani wa kwanza kuzaliwa?"

Wakafungua picha za Jumanne. Saa tatu na dakika arobaini na moja, bawabu, mzee mwenye mgongo ulionyooka, aliufunga mlango wa nyuma, akauvuta kuhakikisha. Akatembea hatua tano, akarudi, akauvuta tena. Akaenda mpaka kona, akarudi, akauvuta mara ya tatu, ndipo akaondoka kuelekea lango kuu. Nukta aliitazama ile mara ya tatu na machozi yakamshuka. Alikuwa anajua sasa alikorithi ugonjwa wake.

Hakuweza kujifuta, mikono ilikuwa mifukoni.

"Ngoja nikufute," alisema Mama Povu.

"Si kwa kitambaa hicho, mama."

Saa tatu na dakika arobaini na nane, mlango ulifunguliwa kwa kadi ya Mkuu wa Ulinzi. Naye mwenyewe ndiye aliyeonekana, akiangaza kushoto na kulia. Akaingiza mtu mwenye mkoba, akauegesha mlango kwa kiti ili mgeni apate kutoka bila kuandikishwa, wakaingia ofisini kwake. Mpelelezi akasogea karibu. Gaidi? Jasusi? Saa nne na dakika mbili kundi la marungu lilifika, likajaribu mlango, likaukuta umeegeshwa, na hata wao, kwa jinsi walivyotazamana, walionekana kushangaa. Saa nne na dakika tano Mkuu wa Ulinzi akapita kwenye ukumbi mbio, taulo shingoni, nusu ya kichwa nyeusi tititi na nusu nyeupe kama pamba. Nyuma yake alikimbia mwenye mkoba, brashi ya rangi mkononi.

"Kinyozi," alisema mpelelezi.

"Yesu na Maria," alisema Mama Povu. "Anapaka rangi nywele!"

Kumbe hapakuwa na njama yoyote. Palikuwa na mvi. Bwana yule alikuwa amemwondoa bawabu mlangoni ili asione, kisha akamtupia mzigo ili watu wasijue. Fundi alitakiwa afute ushahidi, kwa sababu ujuzi wa Mkuu katika kompyuta uliishia kwenye kuiwasha. Na kofia ile ilikaa kichwani siku tatu kwa sababu kinyozi alikuwa amezima simu na kuhama mtaa, na hakuna kinyozi mwingine aliyeruhusiwa kuijua siri.

Saa nane kasoro dakika sita walifika mahakamani, bahasha ikiwa imefungwa kwa lakiri na daftari la makabidhiano likiwa na saini za watu wawili. Hakimu alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Kabla ya kuipokea bahasha, alitazama chumba chote.

"Yule bwana wa ulinzi," alisema. "Mahakamani hatuvai kofia."

"Mheshimiwa, nina kichwa kinauma."

"Kitauma bila kofia."

Kwa heshima ya mahakama hatutaeleza kicheko kilichozuka. Inatosha kusema kwamba hakimu aligonga meza mara saba, na mara mbili kati ya hizo aligonga ili afiche chake. Kisha akaitazama picha yote, mwanzo mpaka mwisho, akaisoma ile karatasi, akauliza *kufuta* kulikotajwa kulikuwa kwa namna gani. Mama Povu akasimama na kueleza kwa dakika kumi, pamoja na aina ya sabuni. Mkuu wa Ulinzi akabaki na maaskari ili ajieleze. Bawabu akaambiwa yuko huru, na kwamba mahakama inamwomba radhi.

Walitoka nje saa tisa na nusu, kwenye jua kali la barabarani. Nukta akaitoa mikono mifukoni. Ilikuwa imekufa ganzi.

"Sasa mlangoni kwangu yuko nani?" mzee aliuliza.

"Hayuko mtu, baba. Polisi wameuwekea utepe."

"Utepe?" Akasimama. "Utepe unafungwa kwa ufunguo gani?"

Nukta akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya taa, na katikati ya kicheko kikaingia kilio, kikubwa, cha siku tatu nzima, na vyote viwili vikatoka pamoja bila kupeana nafasi. Wapita njia wakaanza kusimama. Mwenye baiskeli akashuka. Mama mmoja akauliza kama ni msiba.

Mzee akachukua mkoba wa mwanawe kabla haujadondoka, akauning'iniza begani mwake mwenyewe, mkoba wa kike wenye maua, akasimama wima kando yake kama alivyosimama mlangoni miaka ishirini na sita.

"Ni furaha hii," akawaambia watu. "Piteni tu, jamani. Piteni."